Uso mmoja, chupa mbili: barua zenu kuhusu mimea ya kutuliza na ya kukinga ngozi

Toleo lililopita niliwaomba mniandikie kuhusu mimea mnayojipaka usoni. Mmeandika kweli. Barua zimejaa mezani mpaka kikombe changu kimekosa pa kukaa, na nusu yake zinauliza jambo lile lile: kati ya mmea unaotuliza ngozi na ule wenye antioksidanti, upi bora? Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni mfamasia. Miaka 19 nilisimama mbele ya mizani nikichanganya krimu na marhamu kwa mikono yangu, mpaka mgongo uliponishauri nikae chini niandike. Siuzi krimu ya mtu yeyote. Barua nimezifupisha na majina nimeyaficha.

*

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, ngozi nyeusi, ina mafuta puani na kwenye paji la uso lakini mashavu ni makavu. Pesa niliyonayo inatosha chupa moja tu. Kuna seramu ya sentela iliyoandikwa "hutuliza", na nyingine ya chai ya kijani na vitamini C iliyoandikwa "antioksidanti". Siku hizi mashavu yangu yanachonyota hata nikinawa kwa maji matupu. Muuzaji anasema ya pili ndiyo yenye nguvu. Nichukue ipi? — Mwenye Mashavu*

Marahaba, mwanangu. Chukua ya sentela. Jibu ni hilo, na ukitaka kufunua ukurasa mwingine sikuzuii. Ila kaa kidogo nikwambie sababu, maana iko siku jibu litageuka na mimi sitakuwa nawe dukani.

Chupa hizo hazishindani. Mchukulie mtoto anayecheza uani. Kuna mtu anayepita mbele yake akiokota misumari asije akaikanyaga. Huyo ndiye antioksidanti. Kuna mwingine anayembembeleza baada ya kuchomwa. Huyo ndiye mtulizaji. Ukimleta muokota misumari kwa mtoto anayelia, ataokota misumari yote mpaka iishe, na mtoto ataendelea kulia.

Kwenye ngozi mambo yanakwenda hivi. Miale ya urujuanimno ya jua ikipiga ngozi huzaa chembe korofi za oksijeni. Chembe hizo zina njaa ya elektroni, na zinaipata kwa kumpora jirani: mafuta yanayoshikilia ukuta wa ngozi, kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara), hata DNA. Ni ndugu wa kile kinachofanya chuma kishike kutu na mafuta yavunde koponi. Antioksidanti hutoa elektroni yake kwa hiari kabla jirani hajaporwa, kwa hiyo lazima iwepo pale kabla jua halijafika. Kutuliza ni habari nyingine kabisa. Seli zilizokwisha kuumia hutuma wajumbe wa kemikali, vishipa vya damu hutanuka, neva hupiga kelele. Mtu mweupe atakuonyesha wekundu. Kwetu sisi weusi wekundu hujificha: utaona weusi uliozidi au kivuli cha zambarau, utasikia joto ukigusa, na baadaye litabaki doa la miezi. Doa hilo ndilo linalonikosesha subira na watu wanaovumilia mchonyoto wakidhani ndiyo dawa inafanya kazi.

Sasa chupa ya pili. Vitamini C halisi, yaani asidi askobiki, haipenyi vizuri mpaka kimiminika chake kiwe na pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, ukali hupanda) iliyo chini ya 3.5. Uso wa ngozi yako uko karibu na 5. Kwenye ukuta mzima, tofauti hiyo huwa mchonyoto mdogo unaopita. Kwenye ukuta wenye nyufa, na ngozi inayochonyota kwa maji matupu ina nyufa, ni sawa na ndimu kwenye kidonda. Najua kwa sababu nilijifanya shujaa mwaka mmoja, nikapaka seramu ya asilimia 15 juu ya mashavu yaliyobabuka kwa retinoidi, zile dawa za ngozi za jamii ya vitamini A. Wiki nzima nililala chali kama maiti, kwani shavu halikutaka hata kuguswa na foronya. Muuzaji wako hakukosea kusema ina nguvu. Kosa lake ni kwamba hakukuangalia usoni.

Sentela ni mmea mdogo unaotambaa penye unyevunyevu, majani yake mviringo, na wengine huuita gotu kola. Waliouchambua hutaja zaidi vitu vinne: asiatikosaidi, madekasosaidi, asidi asiatiki na asidi madekasiki. Umaarufu wake umetokana na vidonda na makovu, kwa sababu vitu hivyo huzisukuma seli zitengeneze kolajeni na hupunguza uvimbe. Lakini kuna jambo ambalo boksi halitakwambia. Mwaka 2000 Jan Bos na Marcus Meinardi waliandika kanuni ambayo sisi wachanganyaji tunaijua kama tunavyojua majina yetu: molekuli inayozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupita kwa shida sana kwenye ngozi nzima. Asidi asiatiki ina daltoni 489, kwa hiyo inapenya kwa kubana pumzi. Madekasosaidi ina 975. Hiyo ni ng'ombe kwenye tundu la kuku. Kwako wewe leo ina nafuu, maana nyufa zile zile zinazokuchonyota zinaipa mlango. Na sehemu ya utulivu utakaousikia itatoka kwenye gliserini na mafuta yaliyobeba sentela, wala si kwenye jani. Sioni ubaya wowote hapo, ilimradi ujue unanunua nini.

Weka kando kila kitu kingine: retinoidi, asidi za kusugua, sabuni yenye chengachenga. Asubuhi nawa kwa maji, jioni kwa sabuni laini. Paka seramu uso ukiwa bado na unyevu, funika kwa krimu nzito isiyo na manukato, na mchana kinga ya jua. Siku utakaponawa na kugundua umesahau kwamba uliwahi kuchonyota, anza kuhesabu wiki nne, ambao ndio muda tunaoipa ngozi ya juu kujifanya upya. Baada ya hapo nenda kachukue chupa ya pili bila wasiwasi. Itakuwa ya asubuhi, kabla ya kinga ya jua, mara tatu kwa wiki kwa kuanzia. Wala usiache kinga ya jua ukadhani chai imeshika zamu. Haijashika.

*

*Mdogo wangu, nimefundisha kemia miaka 31 na sasa nimestaafu. Toleo lililopita uliandika: "Antioksidanti ni antioksidanti tu, msihangaike kuchagua." Ungekuwa darasani kwangu ningekupa sifuri na kukusimamisha nje. Chai ya kijani, zabibu, manjano na vitamini C unavitiaje kapu moja? — Mwalimu Mstaafu*

Shikamoo Mwalimu. Sifuri nimeipokea kwa mikono miwili. Niliandika vile kwa kuchoshwa na watu wanaonunua chupa sita za kazi moja, lakini uchovu wangu si kemia. Naomba nirudie mtihani.

Tuanze na makazi. Vitamini C hukaa kwenye maji, vitamini E hukaa kwenye mafuta ya utando wa seli. E ikishatoa elektroni yake inabaki imechoka, haina kazi, mpaka C iirudishie nguvu. Ndiyo maana watengenezaji makini huzifunga pamoja. Mwaka 2005 kundi la Sheldon Pinnell wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilitia mkono wa tatu: asidi feruliki, kiasi cha nusu asilimia tu. Mimea huitumia kuimarisha kuta za seli zake, na imejaa kwenye pumba za mchele na za nafaka nyingine. Mchanganyiko wa C asilimia 15 na E asilimia 1 ulikuwa ukiikinga ngozi mara nne dhidi ya miale. Feruliki ilipoingia ikawa mara nane. Ngozi yenyewe ilikuwa ya nguruwe, na hilo nalisema kwa sababu matangazo hulisahau. Hata hivyo, mtu akinishika nikataje kiambato cha mmea kinachodharauliwa kuliko stahili yake, nitataja feruliki. Tatizo lake ni kwamba pumba hazina picha nzuri ya kubandika kwenye boksi.

Chai ya kijani ndiyo iliyoniponza nikaandika ule upuuzi, kwa sababu yenyewe inafanya kazi zote mbili. Molekuli yake kuu, EGCG, inazipa elektroni chembe korofi na papo hapo inapunguza wajumbe wa uvimbe. Mwaka 2001 ulitoka utafiti uliofanywa kwa watu: waliopakwa polifenoli (kundi la antioksidanti za mimea) za chai ya kijani kisha wakamulikwa miale ya urujuanimno walipata wekundu mdogo na seli chache zilizoungua, na kadiri dozi ilivyokuwa kubwa ndivyo kinga ilivyozidi. Kwa uzito iko daltoni 458, ndani ya ile kanuni ya 500, ingawa kwa kupenda kwake maji haikimbilii kuingia kwenye ngozi yenye mafuta.

Ila haina ustahimilivu. Nikiwa bado mgeni kazini, Ijumaa moja nilichanganya kimiminika cha chai ya kijani, rangi yake kama majani machanga, nikakiacha dirishani kwenye chupa nyeupe. Jumatatu nilikuta kitu cha kahawia. Mkuu wangu wa kazi, mwanamke aliyesema maneno machache kwa siku kuliko mimi kwa dakika, aliinua chupa kwenye mwanga akaniuliza: "Hii itamkinga nani, na yenyewe imeshindwa kujikinga?" Nikaimwaga yote sinkini.

Swali lake ndilo ninalouliza mpaka leo ninaposhika chupa yoyote ya antioksidanti. Kitu kinachokimbilia oksijeni kitaikimbilia hata ndani ya chupa, tena kabla hujalipa. Kwa hiyo mimi huangalia chombo kabla ya kusoma jina la mmea. Pampu isiyoingiza hewa, chupa nyeusi au ya kahawia iliyokoza, kiasi kidogo kinachoisha mapema: hapo nasogea karibu. Kopo la mdomo mpana linalofunguliwa asubuhi na jioni kwa vidole, na ndani eti kuna chai ya kijani: hilo ni kaburi lenye kifuniko cha dhahabu. Vitamini C nayo ikishageuka rangi ya machungwa au kahawia, itupeni tu.

Wengine nitawapitia haraka, Mwalimu, kengele isije ikalia. Kurkumini ya manjano ni hodari kwenye mirija ya maabara, lakini mwanga huivunja upesi na kila inachogusa hukipaka rangi; foronya zangu mbili ni mashahidi. Resveratroli ya zabibu nayo haipatani na mwanga, kwa hiyo ni ya usiku. Punikalagini ya komamanga inapita daltoni 1,000, na kwenye ngozi nzima itabaki nje ikigonga hodi.

Linganisha na watulizaji. Bisabololi ya kamomaili ina daltoni 222, inapenda mafuta, inapenya bila taabu, na inatulia kwenye krimu bila kelele. Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa ya kambi hizi mbili kwa mnunuzi wa kawaida. Kwa watulizaji, ukipata krimu iliyotengenezwa kwa adabu utapata kitu. Kwa antioksidanti, krimu ya adabu haitoshi. Unataka chupa ya adabu, tarehe ya karibuni, na duka ambalo halikuiweka dirishani juani.

Alama nitakazopata naomba zitumwe kwa siri.

*

*Shangazi, kwa nini nilipe wakati nina mshubiri nyumbani? Nakata jani, nachanganya ute na maji ya limau na unga wa manjano, napaka dakika 20. Rafiki yangu anasema ndiyo antioksidanti asilia. Lakini wiki hii nimetokwa na vipele shingoni. — Fundi wa Jikoni*

Mpwa wangu, umechanganya rafiki, adui na mpaka rangi, yaani hiyo manjano, kwenye bakuli moja.

Rafiki ni ute. Karibu asilimia 99 yake ni maji, na kilichobaki kina sukari ndefu, mojawapo ikiitwa asemanani, zinazoshika unyevu na kupoza. Ni mtulizaji wa kweli, hasa kwa ngozi iliyoungua kidogo. Lakini chini ya ganda la kijani kuna utomvu wa njano wenye aloini, na huo unawasha. Ni utomvu huo huo uliokuwa ukiuzwa kama dawa ya kuendesha tumbo mpaka Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipoiondoa kwenye dawa zinazouzwa bila cheti mwaka 2002. Jani likikatwa lisimamishwe litiririke, lioshwe, limenywe, ndipo uchote ute mweupe peke yake. Utakaobaki usiutunze; haujatiwa kihifadhi, na bakteria huupenda kama wewe unavyoupenda.

Adui ni limau. Maji yake yana pH ya karibu 2, na ganda lake lina furanokumarini, vitu vinavyongoja jua ili viiunguze ngozi. Ukikamua limau huku ganda linafinywa, kisha ukatoka nje mchana, unaweza kupata malengelenge yatakayoacha mistari myeusi. Vitamini C iliyomo ni kidogo mno kulipia hasara hiyo. Acha kabisa, leo.

Vipele vya shingoni sitavihukumu kwa barua. Pumzisha shingo wiki mbili, paka jeli ya petroli tu. Visipoondoka, daktari wa ngozi avione kwa macho.

*

*Nilipewa zawadi ya mafuta ya lavenda "ya kutuliza ngozi". Naweza kupaka moja kwa moja? — Mpenda Harufu*

Usipake. Nimeipenda lavenda miaka mingi na ndiyo sababu nina ushahidi. Nilikuwa nikigusa tone shingoni kila usiku kwa chupa iliyokaa kabatini muda mrefu, mpaka nikatokwa na ukurutu wenye umbo la vidole vyangu viwili hasa. Lavenda hutuliza pua na moyo. Ngozi ina maoni yake.

Kisa chenyewe kinarudi kwenye oksijeni. Linalooli, moja ya nguzo za mafuta hayo, ikiwa mbichi si mkorofi sana. Ikikutana na hewa miezi kadhaa hugeuka kuwa haidroperoksidi, na hizo ndizo zinazoamsha mzio. Mwaka 2003 sheria za Umoja wa Ulaya ziliamuru vitu 26 vya manukato vinavyojulikana kwa mzio viandikwe kwa majina kwenye lebo, linalooli ikiwemo, vikizidi asilimia 0.001 kwenye krimu inayobaki usoni. Asilimia 0.001! Nawe unataka kupaka tone zima.

Barua nyingine tatu zimeuliza kuhusu kamomaili na kalendula, basi niwaunganishe hapa. Wote wawili ni ukoo mmoja na alizeti, na mwenye mzio wa ukoo huo atawashwa na kile kile kilichonunuliwa kimtulize. Mtu wa namna hiyo atafute krimu yenye bisabololi iliyosafishwa badala ya kiini kizima cha ua. Na kabla ya kupaka kitu chochote kipya usoni, kipakeni kwanza sehemu ndogo kwenye kunjo la kiwiko, mara mbili kwa siku, siku saba hadi kumi. Najua mtasema ni siku nyingi. Ukurutu wangu ulikaa wiki sita.

*

*Mimi ni mwanaume na nasoma ukurasa huu kwa kujificha. Nikinyoa ndevu natokwa na vipele vigumu kidevuni. Mmea gani utaniponya? — Kidevu*

Karibu, usijifiche. Hakuna mmea. Ndevu zako zimejikunja, zikikatwa chini sana ncha hurudi ndani ya ngozi kama ndoano, na ngozi hupambana nayo. Nyoa kwa mashine ukiacha ndevu ziwe fupi bila kufika chini kabisa, fuata zinakoelekea, usivute ngozi. Dawa ya kupaka yenye spiriti iliyo kabatini mwako itupe. Badala yake paka jeli ya mshubiri isiyo na manukato au krimu yenye bisabololi. Zitapunguza mchonyoto wakati ncha zinajitafutia njia. Antioksidanti kidevuni mwako zingoje.

*

*Shangazi, nimeona krimu ya likorisi ya madoa. Je, huo si mkorogo kwa jina lingine? — Mwenye Wasiwasi*

Wasiwasi wako una maana. Likorisi ya kweli si mkorogo. Mzizi wake una glabridini, daltoni 324, inayopunguza kasi ya kimeng'enya kiitwacho tairosinesi ambacho hutengeneza rangi ya ngozi, na wakati huo huo inatuliza. Kwa doa lililoachwa na chunusi nampenda sana, kwa sababu anashughulika na doa na pia na uvimbe uliolizaa. Lakini ni mwendo wa konokono, hesabu miezi mitatu. Nje lazima kuwe na kinga ya jua, tena ile yenye rangi ndiyo bora kwetu, kwa sababu oksidi za chuma zilizomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, na mwanga huo huongeza weusi kwenye ngozi nyeusi.

Krimu ikikung'arisha uso mzima ndani ya wiki moja, hiyo si likorisi, hata jani liwe limechorwa kila upande wa boksi. Hapo fikiria zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, na uache kuipaka. Kama umeitumia miezi mingi, mwone daktari kwanza, maana steroidi zikiachwa ghafla uso huweza kulipuka.

*

*Nitajuaje kama kiini cha mmea kilichoandikwa mbele ya boksi kipo cha kutosha ndani? — Msoma Lebo*

Geuza boksi. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi mpaka kilicho kidogo, ila vikishafika asilimia 1 kwenda chini mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo. Mpaka huo haujaandikwa, lakini kuna alama ninayoitumia: fenoksiethanoli, kihifadhi cha kawaida, hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1 barani Ulaya. Ukikikuta, kila kinachokuja baada yake karibu hakika ni chini ya asilimia 1. Nilishashika seramu "ya mimea 12" ambayo yote 12 ilikuwa imepanga foleni nyuma ya kihifadhi, baada ya hapo manukato. Kwa bisabololi au glabridini chini ya asilimia 1 inaweza kutosha, kwa kuwa ni vitu vilivyosafishwa. Kwa kiini cha chai kilichozimuliwa kwenye gliserini, hapo umenunua gliserini.

*

*Mwanangu wa miezi saba ana ukurutu. Nimeambiwa nimwogeshe kwa oti. Ni salama? — Mama wa Kwanza*

Hongera kwa mtoto. Oti iliyosagwa laini kabisa ni mtulizaji ninayemwamini kuliko wote niliowataja leo. Ina avenanthramidi zinazopunguza mwasho na betaglukani inayoshika maji, na mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiorodhesha rasmi kama kinga ya ngozi. Maji yawe vuguvugu, dakika kumi zinatosha, usimsugue. Mpanguse kwa kugusagusa tu, na ngozi ikiwa bado na unyevu mpake marhamu nzito. Angalia beseni linavyoteleza, mshike mkono mmoja muda wote.

Watoto wachache wenye ukurutu huweza kupata mzio wa oti yenyewe, kwa hiyo mara ya kwanza jaribu kwenye mguu mmoja. Ngozi ikitoa maji ya njano, ikishika gamba, au mtoto akipata homa, usingoje toleo lijalo. Mpeleke siku hiyo hiyo, na uchukue orodha ya kila ulichompaka.